Karatasi za Mwanamke Mwingine

Ukuta wa sebule yangu umejaa karatasi za mwanamke mwingine. Zilianzia juu ya televisheni, zikashuka mpaka kwenye swichi ya taa, na sasa zinatambaa kuelekea mlango wa jikoni. Kuna karatasi ya mbuzi na majani, karatasi ya kuku na mayai, karatasi ya duara kubwa na duara dogo, na kila moja ina muhuri wa nyota nyekundu kwenye kona. Anayezibandika ni mama mkwe wangu, tena kwa selotepu niliyoinunua mimi kwa ajili ya darasa langu. Mwenye nyumba ni mimi na mwenye mtoto ni mimi, ila nyota si zangu.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, na si wa jana wala juzi. Nilianza kufundisha watoto wadogo kabla sijaolewa, na msimamo wangu juu ya karatasi za mazoezi unajulikana mpaka kwa mlinzi wa getini. Mtoto wa miaka minne hapaswi kuketishwa kitini na kuambiwa aunganishe mbuzi na majani kwa mstari. Anayemjua mbuzi anajua mbuzi anakula nini, na asiyemjua hatamjua kwa kuchora mstari. Vidole vya mtoto huyo bado ni laini. Vinataka kufinyanga, kumimina, kubana na kubanua vibanio vya nguo, kuchambua vizibo vya soda kwa rangi zake. Vikishapata nguvu, kalamu itakuja yenyewe. Haya nimeyasema kwenye mikutano ya wazazi mpaka wengine wanayasema pamoja nami kama kiitikio. Ndiyo maana wameniita Mama Mchanga. Watoto wangu wanarudi kwao na mchanga kwenye soksi na mchanga masikioni, na mkononi hawana kitu cha kumwonyesha mtu, kwa sababu walichojifunza kimebaki mwilini mwao.

Shuleni kwetu watoto wa rika hilo wamegawanywa vyumba viwili, changu na cha jirani, na kuna sheria kwamba mwalimu hafundishi mtoto wake wa kumzaa. Sheria hiyo niliipigania mimi mwenyewe, wakati mwalimu mmoja alipokuwa akimpa mwanawe beseni la maji kila siku na wengine wakibaki kutazama. Nilisimama kwenye kikao nikasema mtoto wa mwalimu ni mtoto kama wengine. Walimu wakanipigia makofi. Wakati huo sikuwa na mtoto.

Basi binti yangu alipofika umri wa kuanza, akapelekwa chumba cha jirani, kwa Mwalimu Nyota.

Jina hilo amepewa na watoto kwa sababu ya muhuri wake. Ni mdogo kwangu kwa umri, mrefu, sauti yake ya chini, na gauni lake limepigwa pasi mpaka kwenye mshipi. Kila asubuhi ananiambia "Shikamoo, dada" kwa adabu kama ya mtu anayenisindikiza kustaafu. Ananukia sabuni. Darasani mwake watoto wamekaa kwenye viti vidogo, vichwa chini, kila mmoja na karatasi yake, na kimya kilichomo humo kinanipandisha hasira. Kila nikipita dirishani na ndoo yangu ya maji nilikuwa najiuliza kama hawa ni watoto au makarani.

Binti yangu nyumbani tunamwita Chiriku. Jina alilipata kwa baba yake, maana akianza kusema hanyamazi mpaka usingizi umkate. Nikirudi kazini kichwa kinaniuma kwa kelele za watoto wa watu, namwambia, "Chiriku, hebu nipumzishe masikio." Zamani alikuwa anacheka na kuendelea. Siku hizi ananyamaza.

Siku aliyorudi na karatasi ya kwanza, aliishika kwa vidole viwili isije ikakunjika. Alinipita mimi mlangoni, akaenda moja kwa moja kwa bibi yake.

"Bibi, nimepata nyota."

"Hebu nione." Mama mkwe akavaa miwani. "Mbuzi huyu hapa, na majani haya. Umeunganisha mwenyewe?"

"Mwenyewe. Halafu mwalimu akaniita."

"Sasa naona mtoto anasoma," mama mkwe akasema, akinitazama kwa juu ya miwani. "Siyo kama yule wa jirani, kila siku shule, kila siku anarudi na matope."

Yule wa jirani ni mwanafunzi wangu.

Mama mkwe hajibiwi. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na anapenda kusikiliza kitu kinavyonguruma kabla hajakifungua, akanifuata.

"Mama Chiriku, una wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa karatasi."

"Mimi? Nimwonee wivu mtu anayefundisha kwa mashine ya kopi?"

Akacheka, akafungua friji, akaifunga. Kwa mwanamume aliyekuwa akijisifu kwa marafiki zake kwamba mke wake ndiye anayejua watoto, alizoea zile nyota upesi mno. Kabla wiki haijaisha alikuwa amenunua kalamu za rangi.

Kutoka hapo kila kitu kikawa "mwalimu amesema". Mwalimu amesema maji yanywewe tukiwa tumekaa. Mwalimu amesema kucha zikatwe. Kucha hizo nilikuwa nazikata mimi tangu azaliwe, lakini sasa zilikuwa zinakatwa kwa amri ya mwingine. Asubuhi nikimchana alikuwa anasema anataka kitambaa kifungwe kama cha mwalimu, fundo nyuma ya sikio. Nilikifunga. Mikono yangu mwenyewe ikampamba mwanangu afanane na mke mwenza wangu, maana hata kama hatukuchangia mume, tulikuwa tumechangia mtoto, na mimi nilikuwa yule wa zamani aliyezoeleka.

Kisha ikaja siku ya uani. Ilikuwa wakati wa mapumziko, nami nilikuwa nasuuza brashi kwenye bomba. Chiriku alianguka karibu na bembea, akainuka na goti limechubuka. Nilikuwa nimeshaanza kuziangusha zile brashi nimkimbilie. Akaangaza uani, akaniona, naapa aliniona, kisha akamkimbilia Mwalimu Nyota akalia, "Mama!"

Mtu yeyote anayefundisha watoto wadogo atakwambia hilo ni jambo la kawaida. Darasani kwangu naitwa mama kutwa nzima. Mtoto anateleza ulimi, anaona aibu, wenzake wanacheka, nami nacheka nao. Siku hiyo sikucheka. Nilisimama pale na maji ya bomba yakimwagikia viatu vyangu, na kama wivu ungekuwa na moshi, jirani wangeita zimamoto.

Nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu na aproni yangu ikiwa bado inachuruzika.

"Nataka binti yangu ahamie kwangu," nikasema.

Mwalimu Mkuu alikuwa anatafuta ufunguo wa stoo katika rundo la funguo. Hakuinua kichwa. "Sheria unaijua. Uliitunga wewe."

"Naijua. Lakini zile karatasi zinamwumiza."

"Zinamwumiza wapi?"

Hotuba zangu zote za vidole laini zilikuwa tayari, ila niliona wazi kwamba vidole vya Chiriku havikuwa na shida yoyote. Anayeumia alikuwa amesimama palepale na aproni iliyolowa.

Mwalimu Mkuu akaupata ufunguo wake, ndipo akanitazama. "Kinyozi hajinyoi, mwalimu. Lakini nimekuheshimu siku nyingi. Jumatatu ashinde kwako kutwa nzima. Jioni muulize mwenyewe anataka chumba gani. Akisema chako, nitaivunja sheria na lawama nitabeba mimi. Akisema cha mwenzako, jambo hili sitaki kulisikia tena mpaka mtoto aingie darasa la kwanza."

Nikakubali. Nilitoka ofisini nikiwa na uhakika wa kushinda, kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kuingia chumbani mwangu akataka kutoka.

Hata hivyo, mwenye wivu haamini hata uhakika wake. Jumamosi nilifanya jambo ambalo kama mzazi mmoja angenikuta, ningemwambia nimetumwa. Nilikaa mezani na rula na kalamu ya wino, nikachora karatasi za mazoezi. Nilisema kama ni karatasi anazotaka, basi apate za mama yake, na ziwe bora kuliko zile za mashine. Mbuzi wangu alikuwa na ndevu na jicho la ujanja. Kuku wangu alikuwa amekalia kikapu. Nyota niliichonga kwenye kipande cha kiazi, nikakipaka rangi nyekundu, ikatoka kubwa mara mbili ya ile ya muhuri wa dukani.

Mume wangu akapita, akasimama, akarudi nyuma hatua moja. "Mama Mchanga anachora mbuzi."

"Nenda zako."

"Kweli simba akikosa nyama hula nyasi," akasema, akaenda kumwita mama yake aje aone.

Chiriku alizipokea kwa furaha. Alikaa sakafuni akazijaza zote kabla maji ya chai hayajachemka, akaniletea jikoni. Nilikuwa nakaanga vitunguu. Kwa mkono mmoja nikageuza vitunguu, kwa mkono mwingine nikagonga kiazi changu karatasi moja baada ya nyingine, pa, pa, pa.

"Hongera mwanangu. Nzuri sana."

Akazitazama zile nyota, akanitazama mimi. "Siyo hivyo."

"Siyo hivyo vipi? Nyota si hizo hapo? Kubwa kuliko za mwalimu."

"Hujaniita."

"Nikuite kutoka wapi, na wewe uko hapa?"

Hakubishana. Alizikusanya karatasi zake, akaenda sebuleni, akakaa kwenye kiti kinachotazama mlango wa jikoni, karatasi mapajani, miguu imening'inia. Nilidhani ni mchezo. Simu ikalia, mzazi mmoja anauliza kiatu cha mwanawe kilichopotea kwenye mchanga. Nilipomaliza na kiatu, mama mkwe akawa anatafuta miwani yake, nayo ilikuwa kichwani pake. Nilipokumbuka kuchungulia sebuleni, Chiriku alikuwa ameshatoka kucheza na wenzake, na karatasi zangu zilikuwa kwenye kiti.

Mama mkwe hakuzibandika. Alisema zinanukia kiazi.

Jumatatu nilifika shuleni mapema, nikaandaa chumba kama cha kupokea wageni. Mchanga niliuchekecha upya. Nilitoa vyombo ninavyovificha kabatini kwa ajili ya wakaguzi: faneli, mabomba ya plastiki, chupa za maji ya rangi, mashua za maboksi ya maziwa. Nilikanda donge la unga nikaligawa vipande vya rangi ya machungwa na zambarau. Nilipomaliza, nilikitazama chumba kile nikasema, sasa niletee nyota zako.

Watoto waliingia wakafurika kila pembe. Chumba changu siku hiyo kilikuwa na raha ya kweli, sijisifu bure. Mmoja aligundua kwamba maji yakiinuliwa juu zaidi yanakimbia zaidi kwenye bomba, akawaita wenzake wote waje kuona. Wawili waliokuwa hawasemezani tangu juzi walijenga bwawa pamoja. Kama Mwalimu Nyota angesimama dirishani angejifunza kitu. Nami nilikuwa kila mahali. Huyu mchanga umemwingia jichoni, namfuta. Yule amelowa mpaka kifuani, namvua shati. Hawa wanagombea faneli, naamua kesi. Hii ndiyo kazi ninayoijua, na ukiniona nikiifanya utadhani nina mikono ya ziada.

Chiriku alisimama mlangoni kwa muda. Akashika mchanga kidogo, akauachia. Kisha akaenda kwenye meza ya pembeni, pale ninapoweka karatasi chakavu za kupangusia rangi. Akachukua moja, akachukua kalamu, akainama. Baada ya kitambo kidogo nikaona mkono wake uko juu.

"Nakuja, mama," nikamwambia kutoka kwenye beseni.

Nilikuwa nakuja kweli. Ila mtu akamwaga chupa ya maji ya rangi, na mwingine akaingia ndani ya bwawa na viatu. Nilipogeuka tena, mkono ulikuwa chini na ameshachukua karatasi nyingine. Baadaye mkono ukawa juu tena. "Nakuja," nikasema. Nadhani nilisema hivyo kutwa nzima. Nilikuwa namwona kwa pembe ya jicho, na nilikuwa nimekasirika, nitasema ukweli. Nimekuandalia mto mzima na mashua zake, nawe umechagua kukaa na kalamu. Nilisema moyoni, huyo mwanamke amemharibu mtoto wangu kabisa.

Kengele ya jioni ilipolia, watoto wakatoka mmoja mmoja na mama zao, na mimi nikainama kuokota vizibo. Nilipoinuka, Chiriku hakuwepo. Karatasi zake nazo hazikuwepo. Kupitia dirishani nikamwona anakatiza ua, amezikumbatia kifuani, anaelekea chumba cha jirani.

Nikamfuata. Sitadai nilikwenda kwa wema. Nilikwenda kumkamata mwizi.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Mwalimu Nyota alikuwa ameshavaa mkoba begani, tayari kuondoka. Alipomwona Chiriku, aliuvua mkoba akauweka juu ya meza, akavuta kiti kimoja kidogo cha watoto, akakaa, magoti yake yakapanda karibu na kidevu. Chiriku hakumwendea. Alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, mikono mezani, akasubiri. Mwalimu Nyota akamwita kwa jina lake. Hapo ndipo akainuka, akaenda, akasimama katikati ya magoti yake, akaegemea paja kama mtu aliyefika kwake.

Mwalimu hakuchukua muhuri. Aliishika karatasi ya kwanza kwa mikono miwili. "Hii ni nini?"

Chiriku wangu akaanza kusema.

"Hapa ni mama anachekecha mchanga. Hapa mama anamfuta mtoto macho, mtoto analia, halafu anacheka. Hapa mama anakimbia, maji yamemwagika, maji ya bluu. Hapa nimenyoosha mkono, mama anasema nakuja." Akageuza karatasi nyingine. "Hapa anasema nakuja." Akageuza nyingine. "Hapa tena."

Alisema bila kupumua, kama nilivyokuwa nikimsikia zamani, kabla hatujamwomba atupumzishe masikio. Mwalimu Nyota hakutazama saa, wala mkoba, wala mlango. Alimtazama yeye tu. Kila mstari uliochorwa aliufuata kwa kidole, na Chiriku akasema mpaka maneno yakamwishia mwenyewe. Muhuri ulikuja mwisho kabisa, na mtoto hakuutazama sana.

Mlango ukalia chini ya mkono wangu, na Mwalimu Nyota akainua uso.

"Karibu, dada. Samahani, amekuja mwenyewe."

"Unafanya hivi kwa kila mtoto?"

"Kila mmoja, kila siku. Wengine wanajaza karatasi ndipo nipate nafasi ya mmoja." Akatabasamu kidogo. "Huyo mbuzi hata mimi simpendi."

Ningependa kusema kwamba wivu uliisha hapo. Ulizidi. Kwa karatasi nilikuwa na la kusema. Ningeweza kuzipinga mbele ya mkutano mzima wa wazazi na nikashinda. Kwa magoti yale mawili sikuwa na la kusema. Angekuwa mwalimu mbaya, usiku ule ningelala vizuri.

Ofisini Mwalimu Mkuu alikuwa anafunga madirisha. "Umemwuliza?"

"Sikumwuliza. Abaki kule."

Akafunga dirisha la mwisho.

Nyumbani niliweka mchuzi jikoni kama kawaida. Chiriku alikuwa sebuleni amelala kifudifudi, anachora. Mama mkwe alikuwa anatafuta mahali pa kubandika karatasi za leo, akilalamika kwamba ukuta umekwisha. Nilisimama nikautazama ule mchuzi ukichemka, kisha nikazima jiko. Nilivuta kigoda, nikakaa katikati ya jikoni, nikaita. Sikuita Chiriku. Niliita jina lake kamili, lile la kwenye rejista.

Akaja mpaka mlangoni, uso umemshuka. "Nimefanya nini?"

Jina lile tulikuwa tunalitumia akivunja kitu.

"Hujafanya kitu. Nimekuita tu."

Akafikiri. "Ngoja nilete karatasi."

"Njoo bila karatasi."

"Sasa utasahihisha nini?"

Akakimbia sebuleni akarudi na karatasi yake. Alisimama mbali kidogo, kama mtu asiyejua ofisi hii inafanyaje kazi. Nikamvuta polepole mpaka akawa katikati ya magoti yangu. Nikaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Hii ni nini?"

Kabla ya kujibu aligeuka akayatazama macho yangu, ahakikishe kama yako kwake au kwenye sufuria. Yalikuwa kwake. Basi akaanza. Kulikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba friji inayoimba, na baba anaiuliza inaumwa wapi. Kulikuwa na bibi aliyepotelewa na macho yake na kuyakuta kichwani. Nilicheka, akanitazama kuona kama ninacheka kweli, akaendelea.

Mama mkwe akauliza kutoka sebuleni kama gesi imekwisha. Simu ikalia juu ya friji. Shingo yangu ikageuka yenyewe, nikairudisha.

"Inalia," Chiriku akasema.

"Iache ilie."

Alisikiliza simu mpaka ikanyamaza. Kisha akaniegemea kwa uzito wake wote, na uzito huo ulikuwa umeongezeka bila mimi kuwa na habari.

"Mwalimu ananukia sabuni," akasema.

"Na mimi?"

"Vitunguu."

Lakini hakuondoka. Akanionyesha mistari iliyobaki, mmoja mmoja, na kila mmoja ulikuwa na habari yake. Kiazi changu kilikuwa kimeshanyauka, kwa hiyo nilimchorea nyota kwa kalamu, ikatoka imepinda mkono mmoja. Aliichunguza, akaikubali.

"Kesho utaniita tena?"

"Nitakuita."

"Na mwalimu ataniita?"

"Naye atakuita."

Akapiga hesabu yake kichwani, nikaiona inavyopita usoni. "Basi nitajaza mbili. Yake na yako."

Hapo palikuwa mahali pa kumwambia kwamba kwa mama yake haji na karatasi, kwamba kwangu anaitwa kwa kuwa yeye ni yeye. Maneno hayo ninayo, nayasema vizuri, wazazi wengi wameyasikia wakatikisa vichwa. Nilimtazama mwanangu, nikautazama ule ukuta wenye nyota nyekundu kupitia mlangoni, nikamwambia aanze na yangu.